Mimi na Sisi katika Barua ya Maombi

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wa umri wangu tumelelewa juu ya methali hii. Mtoto aliyesimama mbele ya wakubwa akasema "mimi ndiye niliyefanya" alikatwa kauli papo hapo, hata kama kweli ndiye aliyefanya. Mtu akiulizwa nani kaijenga nyumba hii, alijibu "tumeijenga", ilhali matofali yote kayabeba yeye peke yake. Akisifiwa kwa jambo, alisema Mungu kamjaalia, mazungumzo yakahamia kwengine. Sasa nakuomba, ndugu msomaji, umfikirie kijana wa Kipemba aliyeketi mbele ya fomu inayomwambia: eleza, kwa kurasa kadhaa, kwa nini wewe na si mtu mwengine ndiye unayestahili kupewa nafasi hii.

Fomu ninayoizungumzia si ya kazi wala si ya mkopo. Ni ya kuombea nafasi ya utafiti wa kukaa. Jambo hili halijulikani sana huku kwetu, kwa hiyo nitalieleza kidogo. Ziko taasisi duniani zilizowekwa ili mtaalamu wa historia, au wa lugha, au wa dini, au wa mambo ya jamii, aziache kazi zake za kila siku kwa miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, akaishi hapo taasisini. Hupewa chumba, posho na maktaba, wala hatakiwi kusomesha mtu. Anachotakiwa ni kufikiri na kuandika, na kuzungumza na wenzake waliokuja kwa shughuli kama yake. Kongwe inayosifika zaidi ni ile ya Princeton, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1930. Ya Berlin ilianza mwaka 1981, nayo huchukua watu kiasi cha 40 kwa mwaka, na mojawapo ya kanuni zake ni kwamba wageni hao wale pamoja chakula cha mchana. Afrika nako zipo: Stellenbosch katika Afrika Kusini, na Legon nchini Ghana, ambako taasisi ya Merian ilianza mwaka 2018. Wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache, na wanaoamua ni watu wasiomjua mwombaji wala kisiwa alichotoka.

Nilipomsimulia jirani yangu mmoja, mvuvi, alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Maalim, yaani mtu analipwa kwa kukaa?" Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. "Basi sisi tulioko hapa barazani miaka yote hii tumedhulumiwa."

Tulicheka, lakini jambo lenyewe si geni kwetu kama linavyoonekana. Vijana wa mwambao wote walikuwa wakienda Lamu kukaa na kusoma katika msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh. Sheikh Abdalla Bakathir, aliyefariki Unguja mwaka 1925, alitoka Lamu akaifuata elimu Makka na Hadhramaut, na safari zake zikamfikisha hata Java. Kusafiri, kukaa mahali, kulishwa na wenyeji, na kushughulika na kitabu tu: hayo yote tuliyajua kabla Princeton haijawekwa jiwe la msingi.

Tofauti iko mlangoni. Mwanafunzi wa zamani alipobisha hodi kwa sheikh mgeni, hakusema mimi ni hodari, wala hakusema jambo hili hakuna aliyewahi kulifanya kabla yangu. Alisema: nimesoma kitabu fulani kwa fulani, naye alikisoma kwa fulani, naye kwa fulani. Hiyo ndiyo ijaza, ruhusa ya mwalimu pamoja na silsila ya walimu wake. Na mtu asidhani kwamba hiyo haikuwa sifa. Ilikuwa sifa, tena kubwa. Kijana aliyeweza kuitaja silsila ndefu yenye majina mazito alikuwa amejisifu kuliko mwenye vyeti vitatu. Ila alijisifu kwa kuwataja watu.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wenzangu wanaosema kwamba kujaza fomu hizi ni utovu wa adabu. Methali ya chema chajiuza ni kweli sokoni, ambako mnunuzi anakiona kitu, anakigeuza, anakinusa. Karafuu haijiuzi kwa mtu asiyepata kuinusa. Watu walioketi Berlin au Accra na mafungu ya maombi mbele yao hawajui kama mwombaji amesoma Kiarabu miaka saba, au kama amezunguka kutoka Micheweni hadi Mkoani kwa miguu na daftari mkononi. Asipowaambia yeye, nani atawaambia? Kusema kweli juu ya nafsi yako ni ushahidi, na ushahidi haukatazwi. Kuuficha ni kujinyima haki, na pengine ni kuwanyima haki na wengine waliokutegemea.

Ubaya waanzia pengine, nami niliuona nilipoletewa andiko la mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimsomesha alipokuwa mdogo. Leo yeye ni mhadhiri, na heshima aliyonayo ni kunijia bado kama kwamba nina jambo la kumfunza. Alitaka kwenda kukaa miezi kumi katika mojawapo ya taasisi za Ulaya ili aandike kitabu juu ya nyimbo na mazungumzo ya wanawake wakati wa kuchambua karafuu.

Asiyekuwa wa huku huenda hajui kuchambua ni nini. Karafuu huchumwa ikiwa bado imeshikana na vikonyo vyake, ikaletwa nyumbani jioni kwa magunia na pakacha. Usiku watu hulizunguka fungu, wakatenga karafuu upande mmoja na makonyo upande mwengine, na asubuhi huanikwa majamvini. Makonyo nayo hayatupwi. Hununuliwa, yakapelekwa kwenye kiwanda cha Wawi yakatolewa mafuta. Kila kitu katika kazi hiyo kina bei na kina mzani. Kitu kimoja tu hakipimwi, nacho ni yale yanayosemwa huku vidole vinakwenda. Mimi nilipokuwa mtoto nililala ubavuni mwa mafungu hayo, na mambo mengi ninayoyajua juu ya koo za kijiji chetu, nani alimwacha nani, shamba lipi lilikuwa la nani kabla ya mwaka 1964, niliyasikia hapo nikijifanya nimelala. Naona mada yake ni nzuri, tena imechelewa.

Lakini katika ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwamba yeye ndiye mtafiti wa kwanza "kuuvumbua" utamaduni huo, na kwamba "haujawahi kushughulikiwa". Nilimuuliza: bibi yako anakaa kwenye fungu kila msimu, wewe umeuvumbua wapi?

Hakukasirika. Alinijibu kwa upole: "Maalim, hiyo ndiyo lugha yao. Wanataka kujua jipya ni lipi. Nikiandika kwamba haya nimeambiwa na mama na shangazi zangu, watasema mimi si mtafiti, mimi ni karani."

Jibu hilo si la kijinga, nami sikulichukulia hivyo. Waamuzi wanatafuta kipya, na wana haki, maana hawawezi kumlisha mtu miezi kumi ili arudie yaliyokwisha kuandikwa. Na kwa hakika upo upya katika kazi yake: kuzikusanya nyimbo za vijiji mbalimbali, kuzilinganisha, kuonyesha wimbo mmoja umebadilika vipi kutoka mama hadi binti, kuuliza kwa nini jambo lisilosemeka mchana lasemeka usiku penye karafuu. Hayo ni yake. Maneno ya nyimbo si yake. Kati ya hayo mawili kuna mstari, na fomu, kwa jinsi ilivyoundwa, inampa mtu kila sababu ya kuufuta mstari huo. Haimuulizi popote: na wewe umeyapata kwa nani?

Nilimkumbusha habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwenye elimu ya dini na kalamu nzuri. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kusomesha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikatoka kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, ambacho mpaka leo mtu anayetaka kujua harusi, mazishi, safari na madeni ya watu wa mwambao yalikuwaje zama hizo lazima akifungue. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitoka kwenye kalamu ya Mtoro. Jina lililopewa heshima ya mbele, kama mkusanyaji, ni la Carl Velten, Mjerumani. Mwaka 1905 Mtoro alitaka kurudi kwao pamoja na mke wake, ambaye alikuwa Mjerumani. Wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kuteremka. Akarejea Berlin, na huko akafia mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, kazi ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro likawekwa katika anwani ya kitabu pamoja na kutajwa Waswahili wenzake wengine walioandika. Miaka 78 ilikwisha pita.

Mwanafunzi wangu alikuwa akiijua hadithi hii kuliko mimi, alikwishaisomesha. Alichokuwa hajakitazama ni nani yeye katika hadithi hiyo. Sote tukisoma habari za Mtoro huketi upande wa Mtoro. Ndivyo tulivyozoea: tumechukuliwa, tumeandikwa, tumesahauliwa. Lakini tazama mambo yalivyo leo. Anayekwenda Ulaya kukaa, kupewa chumba chenye dirisha na posho, ni mtoto wetu. Anayebaki fungu la karafuu, asiyejua kwamba maneno yake yamevuka bahari, ni bibi yake. Velten wa zamani tulimtambua kwa sura. Wa leo aweza kuwa na sura yetu, lahaja yetu, na pengine tumemfundisha kusoma sisi wenyewe.

Wala si lazima iwe hivyo, na mfano mwema tunao hapa hapa Pemba. Mashairi ya Kamange na Sarahani yalikaa miaka mingi vifuani mwa watu na katika karatasi za majumbani. Yalipotoka kitabu, Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka 2011, washairi wametajwa kuwa washairi, Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy wametajwa kuwa wakusanyaji, na Abdilatif Abdalla ametajwa kuwa mhariri. Kila mtu kwa kazi yake. Sijapata kusikia kwamba heshima ya Abdilatif imepungua kwa sababu hiyo. Usione vyaelea vimeundwa, walisema; na aliyepanga mbao, aliyetia kalafati na aliyekata tanga si lazima wagombee nafasi moja katika jahazi.

Basi nilimshauri jambo moja. Nilimwambia: lifasiri andiko lako kwa Kiswahili, lote, bila ya kuacha hata mstari, nenda ukawasomee wale wanawake. Sentensi itakayokutia haya kuisoma mbele yao, hiyo ifute hata katika Kiingereza.

Alikwenda. Neno "kuvumbua" halikufika mwisho wa safari. Alilifuta njiani, anasema, kabla hata ya kulisoma. Wanawake walisikiliza kwa makini kuliko alivyotegemea. Walimsahihisha majina mawili. Walicheka sana aliposoma kwamba mazungumzo yao ni "jukwaa", maana kwa wao jukwaa ni mahali pa kusimama wanasiasa. Kisha mmoja wao, mkongwe kuliko wote, akasema: "Hizo zote chukua mwanangu, tumekupa. Lakini zile za mambo ya ndani ziache. Zile twaimba tukiwa sisi kwa sisi, mlango umefungwa."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nyimbo hizo ndizo zilizokuwa moyo wa andiko. Sura nzima ilizijengwa juu yake, tena sura ambayo, kwa anavyojua yeye ladha ya wataalamu, ingewavutia kuliko zote. Na sauti alikuwa nazo tayari, alizirekodi miaka miwili nyuma, hakuna aliyekataa wakati ule. Angeweza kunyamaza tu.

Rafiki yangu mmoja, mstaafu kama mimi, anaona kuziacha ni kosa. Hoja yake si nyepesi. Anasema wimbo usioandikwa hufa na mwenyewe, na sisi Wapemba tumekwisha zika elimu nyingi mno pamoja na wazee wetu: majina ya mitishamba, ya pepo, ya miamba ya baharini. Anasema yule bibi ana haki juu ya maisha yake, hana haki juu ya wajukuu wa wajukuu zake watakaotaka kujua waliotangulia walisema nini. Anaongeza, na hapa ananichoma, kwamba laiti wanawake wa Bagamoyo wa zama za Mtoro wangeandikiwa nyimbo zao za ndani, leo tungeshukuru, wala hatungeuliza nani alitoa ruhusa.

Nimelala na hoja hiyo siku nyingi. Ninakubali kwamba kitapotea kitu. Hata hivyo nasimama na bibi. Wimbo unaoimbwa mlango ukiwa umefungwa, ukiufungulia mlango, hauwi tena wimbo ule. Utakuwa umehifadhi maneno na kuua jambo lenyewe. Na zaidi ya hayo, yule bibi hakusema usiandikwe kamwe. Alisema si wa kupelekwa huko. Kama binti zake wataamua vyengine siku moja, hiyo itakuwa kauli yao. Lakini haiwezekani mtu aulizwe ruhusa, atoe jibu, kisha tutafute falsafa ya kulipita jibu lake kwa sababu halikutufaa. Huko kutakuwa si kuuliza.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Posho ya miezi kumi huko Ulaya ni zaidi ya mshahara wa mwalimu mkuu wa kwetu kwa miaka kadhaa, na wale wanawake hawakuwa watoto wasiolijua hilo; waliuliza. Baadhi ya watafiti husema kumlipa msimulizi ni kumharibu, eti atasema linalotakiwa. Hoja hiyo naisikia kila mara kutoka kwa watu wanaolipwa. Mwanafunzi wangu aliweka katika hesabu zake fungu la wasimulizi, na jengine la kuchapa nakala za Kiswahili, moja ikae katika jumba la makumbusho la ngome ya Chake Chake na nyengine vijijini. Kama mwenye kutoa fedha ataona mafungu hayo ni upuuzi, basi tutakuwa tumejua jambo juu yake.

Na kuhusu kuondoka: mama yake ni mgonjwa wa sukari. Hilo hakuna fomu inayoliuliza, wala mimi sikumshauri lolote. Mama mwenyewe alimwambia nenda.

Sura ile aliitoa. Ukurasa wa mwanzo aliuandika upya. Unaanza kwa kutaja vijiji na wanawake walioridhia kutajwa, na bibi zake wawili waliomwimbia mwanzo, kisha ndipo likaja neno "mimi", na baada ya hapo halikuona haya: mimi nimekusanya, mimi nimelinganisha, mimi nadai kwamba hivi na hivi. Nilipolisoma mara ya mwisho nilihisi nasoma kitu kinachofanana na ijaza, ingawa kimepigwa chapa na kina hesabu ya fedha mwishoni.

Miezi mitano baadaye ilikuja baruapepe fupi. Wamesikitika. Walioomba walikuwa wengi na wa kiwango cha juu. Hakukuwa na neno la kwa nini, nami siwezi kusema kama sura ile ingelibadilisha jibu. Rafiki yangu mstaafu anadhani ingelibadilisha, na hachoki kuniambia.

Mwanafunzi wangu alikwenda kuwapa habari wale wanawake, maana walikuwa wakiuliza. Yule mkongwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Wamezikataa nyimbo zetu," akasema, "au wamekukataa wewe?"

Alimjibu kwamba hawakukataa nyimbo wala mtu, wamelikataa andiko tu.

"Na andiko si ndiyo sisi hao uliotusomea?"

Mwaka huu anaomba kwengine, safari hii katika Afrika, na tarehe ya mwisho bado wiki sita. Andiko liko mezani kwangu. Nimelitia alama mahali pawili ambapo Kiingereza chake kimejaa maneno makubwa bila ya sababu. Halijapelekwa, kwa kuwa wanawake wamesema lisomwe tena kwanza. Wawili kati yao hawakuwapo mara ya mwanzo, na wanataka kujua wametajwa vipi.